Sentimita Nne na Robo Tatu

Mkanda wa mpira ndani ya redio kaseti haufi kwa kishindo. Hulegea. Miaka ya kwanza hakuna anayetambua. Baadaye wimbo unashuka kidogo, mwimbaji anaanza kuburuta maneno, na kwa kuwa anaburuta taratibu nyumba nzima inaburutika naye. Kisha mashine inawekwa kabatini, inapitiwa na masika kadhaa, na siku mtu anapoikumbuka mkanda umekwisha kuyeyuka, umekuwa kitu cheusi kinachonata kama ulimbo. Hapo ndipo watu husema redio imekufa. Kumbe ilianza kufa zamani, na ilikuwa ikiwaimbia huku inakufa.

Hii niliyoifungua hapa Ngamiani, juu ya meza ya chakula iliyotandikwa gazeti, ilikuwa ya marehemu baba. Ni ya kubeba mkononi, ya betri nne kubwa, zile ambazo wazee wetu waliziita mawe, yenye spika moja na mshikio uliochakaa kwa jasho. Baba aliining'iniza kwenye usukani wa baisikeli, na Tanga ni mji wa baisikeli kuliko mji wowote ninaoujua katika pwani hii, kwa hiyo muziki wake ulisikika ukija, ukipita, ukipotelea barabara ya pili. Alipoondoka, ikabaki kwa dada yake. Shangazi aliitumia mpaka ikagoma, na ilipogoma hakuniomba niitengeneze. Aliiweka mezani akasema, "Mwanangu, hii ni ya baba yako. Sitaki ya flash."

Ya flash anayoikataa ndiyo iliyoenea sasa: kiredio kidogo cha plastiki kutoka China, kina tundu la flash na la memori kadi, kinaingia mfukoni mwa shati la mvuvi wa Deep Sea au kufungwa kwenye pikipiki ya bodaboda. Ndani yake mara nyingi utakuta betri ya BL-5C, ileile iliyokuwa ndani ya simu za Nokia, ambayo kwa sababu ya viredio hivi imeishi kuliko simu zenyewe. Kinapoharibika huwa ni mambo mawili: betri imevimba, au tundu la kuchajia limeng'oka risasi kwa kuvutwa waya kila siku. Fundi simu yeyote atakulehemea tundu hilo huku umesimama. Sina ugomvi na vifaa hivyo. Lakini ubovu wao una adabu moja inayonishangaza: kinapiga sawasawa mpaka dakika ya mwisho, kisha kinanyamaza. Hakizeeki. Redio kaseti huzeeka, na uzee wake unaingia ndani ya wimbo.

Mafundi redio wa kweli wamepungua. Wengi wamehamia kwenye simu na sabufa, na huwezi kuwalaumu, kwa sababu fundi naye ana watoto wanaokula. Kijana mmoja niliyemwonyesha mashine hii aliitazama kwa heshima, akaigeuza, akanirudishia. "Mzee, hii kazi ipo, ila vifaa havipo." Nikaona niirudishe nyumbani. Spiriti ninayo, bisibisi ninazo, pamba ipo, na muda wa jioni umeme unapokuwapo nao upo.

Ukifungua mashine yoyote iliyoishi Tanga, utaisoma bahari. Kaskazi na kusi hupokezana mwaka mzima, kila upepo na unyevu wake, na chumvi haibishi hodi. Springi za betri zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Skrubu mbili ziligoma kabisa mpaka nikazipa mafuta na kuzisubiri. Kitufe cha volumu kilikwaruza kila kilipoguswa, kwa kuwa ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni ambayo vumbi na kutu huikatakata. Na chini ya betri kulikuwa na ganda jeupe la maji yaliyovuja zamani. Hapa watu wetu hukimbilia ndimu, kama wanavyokimbilia ndimu kwa kila kitu. Ndimu hufaa kwa betri za alkali, maana uchafu wake uko upande wa magadi na asidi ya ndimu huuvunja. Lakini betri za zamani za zinki na kaboni hutema uchafu ambao wenyewe una asidi; huo unataka magadi soda kidogo kwenye maji, na anayetia ndimu anamwongezea adui nguvu.

Betri hizo za zinki na kaboni zina historia ya nyumba nyingi ndani yake. Kwa muda mrefu tulizojua zaidi ni za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, dukani kulipokuwa hakuna sabuni wala sukari, betri nazo zilikuwa mali. Ziliposhiba uchovu hazikutupwa. Zilianikwa juani, juu ya bati au ukutani, zimepangwa kama zilivyokaa redioni. Wasomi wa leo hucheka, lakini joto huharakisha kemia iliyobaki ndani ya betri, nayo hutoa nyimbo chache za ziada kabla ya kuzimika tena. Nyimbo hizo za ziada zilikuwa na sauti yake. Mota ikianza kukosa nguvu, kwanza hujikaza, kwa sababu ina kidhibiti cha mwendo. Ikishindwa, hushuka, na mwanamke mwimbaji anageuka mwanamume katikati ya ubeti. Watoto tulipenda sana kipande hicho.

Turudi kwenye mkanda. Huu ndio moyo wa kazi, na ndio unaowashinda wengi. Mota haizungushi kaseti moja kwa moja. Huzungusha puli ndogo, puli huvuta mkanda wa mpira, mkanda huzungusha gurudumu zito la chuma, na katikati ya gurudumu hilo kuna mhimili mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, unaochomoza upande wa pili. Mhimili huo na kigurudumu cha mpira kinachoubana ndivyo vinavyovuta utepe mbele ya hedi. Gurudumu ni zito kwa makusudi, ili mtetemeko wa mota usifike kwenye wimbo. Mkanda ukilegea, uzito huohuo unakuwa mzigo: mkanda unateleza, gurudumu linachelewa, na fidla zinaanza kuyumba.

Kwanza nililazimika kuuondoa mkanda wa zamani, yaani kufuta weusi wake kwenye puli kwa pamba na spiriti, kisha kuufuta kwenye vidole, kisha kwenye meza ya shangazi. Halafu mkanda mpya. Kijiweni watakushauri rababendi za ofisini. Usikubali, maana huvutika na kurudi na wimbo hupata kwikwi. Wengine hukata kipande cha tyubu ya baisikeli, na ukiwa na mkono mtulivu kinafanya kazi, ingawa ukingo wake ukipinda kidogo tu utausikia kila mzunguko. Siku hizi kuna msaada usiotarajiwa: deki za DVD zilizokufa. Ndani yake kuna mkanda mdogo wa kufungulia trei ya sahani, na kwenye marundo ya mafundi sabufa hazikosekani. Ukikuta wenye kimo chako, una bahati. Nilipata. Ulikuwa mnene kidogo kuliko wa asili, jambo ambalo si dogo kama linavyosikika, kwa sababu mkanda mnene ukikaa kwenye puli huifanya puli kuwa kubwa, na puli kubwa hukimbiza wimbo.

Na hapa ndipo ufundi ulipoishia na jambo jingine likaanza. Mashine ilizunguka. Sauti ikatoka, kwanza imeziba, maana hedi ilikuwa na unga wa kahawia wa miaka mingi, nikaisafisha, ikafunguka. Nyuma ya mota kuna kitundu, na ndani ya kitundu kuna skrubu ndogo sana: ukiizungusha upande huu wimbo unapanda, upande ule unashuka. Bisibisi ikiwa mkononi, fundi analazimika kuamua. Wimbo huu ulikuwa unakwenda kwa mwendo gani?

Kuna jibu la kitabu. Kampuni ya Philips ilipoonyesha kaseti yake ndogo kwa mara ya kwanza, Berlin mwaka 1963, iliupa utepe upana wa milimita 3.81 na mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Baada ya muda ikaruhusu viwanda vingine kutengeneza bila kulipia haki, kwa sharti la kufuata vipimo hivyohivyo. Ni sharti lililofanya kaseti iliyorekodiwa Mombasa isikike Tanga, ikavuka ikasikika Unguja, ikafungwa ndani ya sanduku la msafiri ikasikika Muscat. Dunia nzima ilikubaliana juu ya sentimita nne na robo tatu. Kwa maneno, angalau. Mashine za bei nafuu za kubeba zilitoka kiwandani zikiwa zimepishana asilimia mbili tatu, na huo ni mwanzo wa safari, kabla chumvi na masika havijatia mkono.

Fundi mwenye karakana huwa na kaseti ya kupimia yenye mlio mmoja maalumu. Mimi sina, lakini shangazi ana futi ya cherehani. Nilichukua kaseti isiyo na thamani, nikavuta utepe wake taratibu bila kuunyoosha, nikaupima: futi tatu kamili za sentimita 150 na ishirini na sita juu yake, jumla 476. Mwanzo na mwisho nikaugusa kwa ncha ya sindano iliyosuguliwa kwenye sumaku ya spika mbovu. Sindano hiyo huacha alama kwenye utepe isiyoonekana kwa jicho, ila hedi huisikia: pa. Ukipiga kaseti, kati ya pa ya kwanza na pa ya pili zinatakiwa zipite sekunde 100. Saa ya simu inatosha. Ukirudia na kugusa skrubu kidogo kidogo, utafika. Nilipofika, nikaweka nukta nyeupe nyuma ya mota, nikajiona mhandisi.

Shangazi akaleta kaseti yake. Taarab ya Tanga, nakala ya nakala, karatasi ya juu imefifia, imebaki herufi tatu za jina Shakila. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa Shakila Said ni nani, lakini vijana wapo, basi tuseme: mzaliwa wa Pangani, aliyeimba na Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star, vikundi vilivyoitoa taarab ya mji huu nje ya mji huu, kisha akahamia Dar es Salaam, akaimba na kikundi cha JKT, na akafariki Agosti 2016. Black Star walikuwa wameingiza magitaa ya umeme mahali ambapo Unguja walishikilia udi, kanuni na jopo la fidla. Wakapata taarab nyepesi, yenye miguu, inayoweza kukaa upande mmoja wa santuri ndogo na kuchezwa redioni kati ya bendi mbili za dansi. Na bendi za dansi Tanga haikukosa: Atomic Jazz, na Jamhuri Jazz ambayo kabla ya jina hilo iliitwa Young Nyamwezi, jina linalokukumbusha watu waliokuja kutoka bara kutafuta kazi katika mji wa mkonge, bandari na reli.

Nikabonyeza. Shangazi akasikiliza, kichwa kimeinama upande. Ubeti wa kwanza haujaisha, akasema:

"Huyo siye."

"Ndiye, shangazi. Ni kaseti yako mwenyewe."

"Kaseti ni yangu. Huyo mwanamke simjui. Ana haraka, anakimbizwa na nani?"

Nikamweleza habari za sentimita 4.76, sindano na futi. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto aliyetoka shule na jambo jipya. Kisha akaniambia maneno ambayo sijapata jibu lake mpaka leo. "Mimi Shakila nimemwona kwa macho, jukwaani, hapahapa Tanga. Wewe umemsikia kwa kaseti."

Hapo mtu anaweza kujibu kwa kiburi, na jibu la kiburi ninalijua. Mashine ya baba ilikuwa imelegea. Nilipoikadiria kwa kurudisha wimbo kwenye mwendo ambao shangazi aliuitikia kwa kichwa, ilikuwa inapungukiwa kama asilimia sita. Asilimia sita ni nusu toni nzima ya muziki. Wimbo wa dakika tatu kwa mwendo huo unaongezeka zaidi ya sekunde kumi. Kwa hiyo, atasema mwenye kiburi, shangazi alimwona Shakila usiku mmoja au miwili ya ujana, kisha akamsikiliza kwa miaka kwenye mashine inayoburuta, na mashine ikaandika juu ya usiku ule. Anachokikumbuka ni mpira uliolegea.

Ningeridhika na jibu hilo kama nisingeanza kuitilia shaka kaseti yenyewe. Kaseti hii haikutoka kiwandani. Ilirekodiwa katika moja ya vile vibanda vya kurekodia vilivyojaa miji yetu yote, ambako ulipeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo, ukarudi jioni kuichukua, na waimbaji hawakuona hata senti moja ya biashara hiyo. Mwenye kibanda alirekodi kutoka santuri, au kutoka kaseti nyingine iliyovuka mpaka wa Horohoro, labda mojawapo ya zile za Mbwana Radio Service za Mombasa zilizokuwa kila nyumba. Kila deki iliyohusika ilikuwa na mkanda wake, na kila mkanda na umri wake. Deki iliyokimbia wakati wa kurekodi huacha sauti nzito inapopigwa kwenye mashine iliyo sawa. Iliyoburuta huacha sauti nyembamba. Mashine sahihi haiwezi kukuambia lolote kuhusu kosa la mashine iliyotangulia. Italirudia kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

Lakini kuna shahidi ambaye vibanda vile havikumkumbuka. Deki zilizochomekwa ukutani huvuma. Umeme wetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo huingia kwenye utepe pamoja na wimbo, chini kabisa, unaousikia pale mwimbaji anapopumua na nyimbo zinapoachana. Programu za simu za kupimia sauti za gitaa zinaweza kuusoma ukiisogeza simu kwenye spika na kuwa na subira. Kwenye kaseti ya shangazi, mashine ikiwa kwenye nukta nyeupe, mvumo ulisoma 48. Maana yake deki ya kibandani ilikuwa ikikimbia kwa asilimia nne hivi siku ile, na Shakila aliyetoka kwenye mashine yangu sahihi alikuwa mzito kuliko alivyotoka kwenye chanzo cha kibanda. Ili kumrudisha ningetakiwa nimkimbize zaidi, kiasi cha sentimita 4.96. Na shangazi alikuwa anataka zipungue ziwe chini ya nne na nusu.

Na mvumo wenyewe unanipeleka mpaka deki moja tu. Nyuma yake kuna chanzo cha kibanda, nyuma ya chanzo kuna santuri, nyuma ya santuri kuna mashine ya studio, na nyuma ya hiyo kuna wapiga magitaa waliokaa wakarekebisha nyuzi, mmoja akamfuata mwenzake, maana gitaa halihitaji piano ili likubaliane na gitaa jingine. Mwenye bisibisi anaweza kutembea hatua moja kurudi nyuma. Anaweza kujidanganya kwamba amefika.

Nilikaa na jambo hili jioni kadhaa, na hasira yangu kwa mkanda uliolegea ikapungua. Taarab husikilizwa kwa maneno. Anayetunzwa anatunzwa kwa sababu ya neno aliloliangusha, na mwanamke anayeinuka kwenda kutunza anainuka kwa sababu ya fumbo lililomlenga jirani yake. Mwendo ukipungua asilimia sita, fumbo linapata nafasi ya kukaa. Silabi ya mwisho inaning'inia kidogo kabla kiitikio hakijaifuta. Inawezekana kabisa kwamba kwa muziki mwingine kosa hili lingekuwa kosa tupu. Jaribu kupunguza gitaa la Atomic Jazz nusu toni uone wachezaji wanavyokaa chini. Kwa taarab, ndani ya chumba cha mwanamke anayeshona huku akisikiliza, mashine mbovu ilikuwa imekubaliana na msikilizaji wake. Hakuna kiwanda kilichoipanga hivyo. Walizeeka pamoja, mmoja akampa mwenzake muda.

Nikaweka nukta ya pili, nyekundu, kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Hiyo ni ya shangazi.

Mpwa wangu, anayesoma chuo Dar es Salaam na alikuwa amekuja likizo, aliona jambo hili zima ni kichekesho kizuri. Alitaka kurekodi kaseti kwenye kompyuta aziweke kwenye flash, "zisipotee". Nikamuuliza atarekodi kwenye nukta ipi. Hakuelewa swali, na hakuwa peke yake. Nyimbo nyingi za zamani za pwani zinazozunguka leo kwenye simu zimetoka kwenye kaseti kama hizi, zikapigwa kwenye deki yoyote iliyokuwa karibu, na mtu mwenye nia njema akazipandisha kwenye mtandao. Ukipata wimbo mmoja mara tatu, mara nyingi utaupata katika sauti tatu. Mkanda wa mpira ulipokuwa ndani ya redio, kosa lake lilikuwa na dawa: ungeweza kuubadili, kugusa skrubu, kugombana na shangazi. Likishaingia kwenye faili, halilegei tena wala halikazi. Kijana wa miaka ishirini atamjua Shakila mwenye kasi ya deki fulani yenye betri nusu, na kiredio chake cha flash kitampa Shakila huyo bila kuyumba hata kidogo, kila asubuhi, sawasawa kabisa.

Basi nikamwambia arekodi mara mbili na aandike mwendo kwenye jina la faili. Akaandika "sahihi" na "ya shangazi". Nikamwambia afute hiyo "sahihi", aandike "nyeupe".

Kaseti ya mwisho haikuwa ya muziki wa mtu yeyote anayejulikana. Ilikuwa ya harusi, upande mmoja nusu saa, iliyorekodiwa uani kwa mashine hiihii ya baba ilipokuwa ingali kijana: vigelegele, wanawake wanaimba na kupiga matari, watoto, sufuria, na marehemu bibi yangu akiongoza wimbo. Nilipoipiga kwenye nukta nyeupe ilianza vizuri. Baada ya dakika kumi na kitu, sauti zikaanza kupanda. Matari yakaharakisha, vigelegele vikawa vya ndege, na bibi akawa msichana, kisha mtoto. Mashine haikuwa na kosa. Ni betri za siku ile zilizokuwa zinakwisha: mota ilishuka polepole wakati wa kurekodi, utepe ukapita taratibu zaidi na zaidi mbele ya hedi, na leo ukipita kwa mwendo wa kitabu kila kitu kinakimbia. Hapo hakuna nukta inayofaa. Kila dakika ina mwendo wake.

Njia ni moja, kuishusha skrubu huku kaseti inakwenda, kwa kiasi kilekile ambacho betri zilishuka jioni ile. Nikakaa nyuma ya mashine na bisibisi. Mpwa akaweka kompyuta tayari. Shangazi akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya meza.

"Shusha," akasema. "Kidogo. Hapo. Ngoja... anapanda tena, shusha. Umezidisha, bibi yako hakuwa mlevi. Haya, hapo hapo."

Tulikwenda hivyo, mimi sisikii wimbo, nasikia amri tu. Alimfuata mama yake kwa sikio mstari kwa mstari, na pale wanawake wengine walipoitikia aliwataja kwa majina, huyu fulani wa Chumbageni, huyu wa Makorora, akinikaripia kila mmoja wao alipotoka kwenye sauti yake. Skrubu ilifika mwisho wake kabla ya kaseti. Nikamwambia haiendi tena, akasema basi iache, na dakika tatu nne zilizobaki bibi aliziimba kwa sauti ya mtoto wa chekechea huku shangazi anacheka mpaka anafuta macho kwa upande wa kanga. Mpwa aliniuliza kama azikate. Shangazi akamjibu kabla yangu: hapana, mwaka ule betri zilikuwa ghali.